Kijana, Kabla Hujanunua Teknolojia Mpya, Omba Mfuko Ufunguliwe

Msimu unakaribia, mkopo wa kikundi uko njiani au umeshaingia, na simu zimejaa video. Kuna ya mashine inayovuna maji kutoka hewani, kuna ya unga unaoshika maji ardhini mwezi mzima, na kuna ya parachichi lililopakwa kitu fulani likakaa siku nyingi bila kulainika. Kila video inafuatwa na swali lilelile: "Bwana shamba, hii tunaipata wapi?"

Leo nataka tuanze na swali lingine, ambalo huwa hamniulizi: "Hiki kitu kimetengenezwa na nini, na nitajuaje kama kitafanya kazi shambani kwangu?"

Vyuoni elimu hii wanaiita sayansi ya nyenzo. Ni elimu ya kujua plastiki, chuma, udongo wa mfinyanzi, kioo na vitu vya namna hiyo vimejengwaje kwa ndani, na kwa nini kimoja kinadumu kingine kinapasuka. Sisi maafisa ugani tumewafundisha mbegu, mbolea na viuatilifu. Nyenzo hatukuwafundisha. Wakati huohuo sehemu kubwa ya mtaji wenu siku hizi inaingia kwenye nyenzo: nailoni ya kitalu nyumba, mipira ya matone, matangi, paneli za sola, mifuko ya kuhifadhia nafaka. Unamjua vizuri muuza mbegu, lakini ukifika kwa muuza nailoni unanunua kwa macho.

Msimamo wangu ni huu: teknolojia ambayo huwezi kuipima wewe mwenyewe, au kuonyeshwa ikipimwa mbele yako, usiiwekee hela ya mkopo. Haijalishi imetoka chuo gani au imeshinda tuzo gani. Na aliyeigundua, anayeiuza na sisi tunaoitangaza tuna deni kwenu la kuionyesha wazi.

Nobel na hesabu ya ekari moja

Tuanze na hiyo ya maji ya hewani, maana ndiyo iliyoniletea ujumbe mwingi. Oktoba 2025, Tuzo ya Nobel ya kemia walipewa watu watatu: Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson wa Australia na Omar Yaghi wa Marekani, ambaye alizaliwa Amman, Jordan, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Walitengeneza aina mpya ya nyenzo kwa kuunganisha chembe za metali na molekuli za kaboni, zikajijenga kama nyumba yenye vyumba vidogo visivyohesabika. Gramu moja tu ya baadhi ya nyenzo hizi, ukiikunjua kuta zake zote, ina eneo la maelfu ya mita za mraba. Vyumba hivyo vinaweza kunasa gesi, sumu, au mvuke wa maji.

Mwaka 2017 timu ya Yaghi na wenzao walionyesha kifaa kinachonasa mvuke hata hewa ikiwa kavu ya unyevu wa asilimia 20, kisha jua likiwaka maji yanatoka. Walieleza uwezo wa lita 2.8 kwa siku kwa kila kilo moja ya nyenzo. Ni kazi kubwa, na tuzo wanaistahili.

Sasa toa simu, fungua kikokotoo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Nyanya iliyokomaa kipindi cha jua kali inaweza kutumia milimita 5 za maji kwa siku. Milimita 5 juu ya ekari nzima ni lita 20,000 hivi. Gawanya kwa 2.8. Unahitaji zaidi ya kilo 7,000 za nyenzo hiyo, yaani tani 7 za unga wa maabara, kwa ekari moja ya nyanya. Hata kwa umwagiliaji wa matone, ukapunguza matumizi kwa nusu, bado unazungumzia tani tatu na nusu.

Lakini kilo 10 za nyenzo hiyo zinaweza kutoa lita 28, na hayo ni maji ya kunywa ya familia jangwani. Kazi yake ndiyo hiyo. Sayansi haikukudanganya. Aliyekudanganya ni yule aliyeweka muziki kwenye video akaandika "mwisho wa ukame kwa wakulima". Umeona lakini kwamba hukuhitaji digrii ili kumgundua? Umehitaji namba mbili, ya kitu na ya shamba lako. Ukikosa namba ya kitu, mwombe muuzaji. Akikosa na yeye, umeshapata jibu.

Nailoni nyembamba iliyongoja miaka 20

Tuje kwenye upande wa pili, teknolojia ambayo haina tuzo ya Nobel wala muziki, na imewaingizia wakulima hela za kweli. Nazungumzia mifuko ya kinga njaa, ile ya PICS na jamaa zake.

Mwaka 1987, mtafiti wa wadudu Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alianza kazi na watafiti wa Cameroon kuhusu tatizo la kunde kuliwa na wadudu ghalani. Walichokuja nacho ni kitu ambacho ukikiona unaweza kukidharau: mifuko miwili ya poliethilini, mmoja ndani ya mwingine, na nje gunia la kawaida la kusukwa la polipropilini. Hamna dawa ndani yake. Gunia la nje linabeba uzito. Mifuko ya ndani, kila mmoja wa unene wa mikroni 80 hivi, inazuia hewa kupita.

Hapo ndipo nyenzo inapofanya kazi. Poliethilini haizuii oksijeni kabisa, ila inaipitisha polepole sana. Tabaka mbili zikikaa pamoja, oksijeni inayopenya ni kidogo kuliko ile ambayo wadudu wenyewe wanaitumia. Kwa hiyo wadudu uliowafungia humo wanaimaliza hewa yao wenyewe. Oksijeni ikishuka wanaacha kula na kuzaana. Baadaye Murdock na wenzake waligundua jambo la ajabu kidogo: wadudu hao hufa kwa kiu. Ndani ya nafaka kavu, mdudu anapata maji kwa kusaga chakula kwa kutumia oksijeni. Ukimkatia oksijeni umemkatia maji.

Sasa sikiliza sehemu ambayo vijana wengi hamuijui. Mfuko huu ulikuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1980, lakini kwa muda mrefu haukufika mbali. Mabadiliko makubwa yalikuja kuanzia 2007, mradi ulipopata fedha za Gates Foundation na kuingia nchi 10 za Afrika Magharibi na Kati. Nailoni ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namna ya kufundisha, pamoja na kutafuta viwanda na maduka ya kuifikisha kijijini.

Walifanya hivi. Wanakwenda kijijini, wanawapa wakulima wachache mifuko ya majaribio. Mkulima anajaza kunde zake mwenyewe, zenye wadudu wake mwenyewe, mbele ya majirani. Mfuko unafungwa, unawekwa nyumbani kwake, hakuna kufungua. Baada ya miezi 4 hadi 6 kijiji kinaitwa. Mfuko unafunguliwa hadharani. Watu wanaingiza mkono, wanazishika, wanazinusa, wanalinganisha na za gunia la kawaida.

Mimi nasema somo zima la ugani liko hapo. Aliyefungua mfuko ni jirani yako, nafaka ni ya jirani yako, na kama ingekuwa imeliwa kila mtu angeona. Mtaalamu aliweka heshima yake mezani. Leo mifuko hii inatengenezwa hata hapa kwetu Tanga, na huko vijijini kuna mama ambaye hajawahi kusikia neno poliethilini lakini anajua kukamua hewa, kusokota shingo ya mfuko, kuikunja na kuifunga kwa kamba mara mbili.

Kibiashara hesabu yake ni rahisi. Tuseme gunia la mahindi wakati wa mavuno ni shilingi 50,000, na miezi 6 baadaye ni 80,000. Mfuko tuseme 5,000, na unautumia zaidi ya msimu mmoja ukiutunza. Anayeuza mwezi wa mavuno kwa kuogopa dumuzi anamwachia dalali hiyo tofauti. Magunia 40 ni shilingi 1,200,000, na ukitoa 200,000 ya mifuko umebaki na milioni moja. Weka bei za kwenu ufanye hesabu yako mwenyewe.

Mfuko mzuri hauponyi mahindi mabichi

Hapa nataka niwe mkali kidogo, maana jambo lenyewe ni uhai wa watu.

Mfuko wa kinga njaa unazuia wadudu. Haukaushi mahindi, na haufuti sumukuvu iliyokwisha kuingia shambani au kwenye uanikaji. Ukifunga mahindi yenye unyevu, maji hayana pa kutokea. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa. Mahindi waliyokula yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 hapa Tanzania, Dodoma na Manyara, nako watu walikufa. Walikula chakula cha nyumbani, na wengine walikuwa watoto.

Kwa hiyo muuzaji anayekupa mfuko bila kukuuliza umekaushaje hajakusaidia. Mahindi yawe chini ya asilimia 13.5 ya unyevu. Kama hamna kipimo cha umeme, kuna njia mbili:

Ya kwanza ni chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kidogo na mahindi hadi robo ya chupa, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 au karibu na hapo. Isipoganda, usishangilie mapema, maana chumvi haiwezi kukuonyesha tofauti ya 15 na 13.5. Anika tena siku moja ya jua kali.

Ya pili ni kadi ya kupimia ukavu, DryCard, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California, Davis. Ni kikaratasi chenye kobalti kloridi kilichofungwa kwenye plastiki pamoja na jedwali la rangi. Unakiweka na nafaka kwenye chombo kinachoonyesha ndani kisichopitisha hewa, unangoja. Kikiwa buluu ni pakavu, kikigeuka pinki kuna unyevu. Ukuvu hauoti hewa iliyomo ikiwa chini ya asilimia 65 ya unyevu, na kadi inakuonyesha mpaka huo. Kadi moja inaweza kutumiwa na kikundi kizima, tena na tena.

Jambo la mwisho kuhusu mfuko: kabla ya kujaza, puliza hewa kwenye kila mfuko wa ndani, bana mdomo, ubonyeze usikilize. Tundu la sindano linatosha kuharibu kazi yote. Na dumuzi anaweza kutoboa nailoni, kwa hiyo safisha ghala kwanza na usiweke mifuko mipya kando ya magunia ya zamani yaliyojaa wadudu.

Pima nailoni kwa mizani, siyo kwa macho

Katika eneo langu kuna kikundi cha vijana kilichojenga kitalu nyumba kwa mkopo. Muuzaji aliwaambia nailoni ni ya mikroni 200 na itadumu miaka 4. Msimu wa pili ilichanika, hasa pale inapogusa mabomba ya chuma. Mkopo bado walikuwa wanaulipa. Muuzaji akasema ni upepo.

Upepo ulimalizia tu. Nailoni ya kitalu inauawa na vitu vitatu, na vyote unaweza kuvijua mapema.

Cha kwanza ni wembamba. Mikroni 200 ni milimita 0.2, jicho halioni tofauti yake na 140. Lakini mizani inaona. Uzito wa poliethilini hauchezi sana: sentimita moja ya ujazo ni gramu 0.92 hivi. Kwa hiyo kipande cha mita 1 kwa mita 1 cha mikroni 200 kinatakiwa kuwa na gramu 184 hivi. Kikiwa gramu 130, umeuziwa mikroni 140, hata lebo ikisema vingine. Usipotaka kukata, pima rola zima. Rola la mita 4 kwa mita 50 ni mita za mraba 200, linapaswa kuwa na kilo 37 kasoro kidogo, bila bomba la katikati. Mizani ya duka la jirani inatosha. Fanya hivyo mbele ya muuzaji, kabla hujalipa.

Cha pili ni jua. Miale mikali ya jua, ile inayoandikwa UV kwenye lebo, inakata minyororo ya plastiki polepole mpaka inakuwa kavu kama jani la mgomba lililonyauka. Kiwandani wanachanganya kinga ndani ya plastiki. Mpira wa matone na tangi jeusi vinakingwa kwa masizi maalumu ya kaboni, ndiyo maana ni vyeusi. Asilimia 2 hivi tu ya kaboni inaleta tofauti kubwa ya umri. Nailoni ya kitalu haiwezi kuwa nyeusi kwa sababu mmea unataka mwanga, kwa hiyo inawekewa kemikali nyingine za kinga. Nailoni ya kawaida ya ujenzi haina kinga hiyo. Inafanana, bei yake inavutia, na jua letu linaimaliza ndani ya muda mfupi. Dai karatasi ya kiwanda inayotaja kinga ya UV na muda wa dhamana, na jina la muuzaji liandikwe kwenye risiti.

Cha tatu ni nyie wenyewe. Salfa mnayopulizia dhidi ya ubwiri unga, na baadhi ya viuatilifu vyenye klorini, vinaua ile kemikali ya kinga ndani ya nailoni. Muuza nailoni hajui unapulizia nini, na muuza dawa hajui nailoni yako ni ya aina gani. Waambie wote wawili. Na mabomba ya chuma yapakeni rangi nyeupe pale yanapogusa nailoni, maana chuma cha moto kinachoma plastiki kutoka upande wa chini.

Kile kikundi kilikuwa kinapulizia salfa karibu kila wiki. Hakuna aliyewaambia. Sehemu ya nailoni iliyobaki tulipoipima ilikuwa chini sana ya gramu 184. Hasara hiyo ingezuilika kwa dakika 10 za mizani na swali moja.

Na unga wa kushika maji? Uupime hivyohivyo. Ni polima inayoweza kunyonya maji safi mara mamia ya uzito wake. Neno la kushika ni "safi". Maji yakiwa na chumvi, chokaa au mbolea, uwezo wake unashuka sana. Weka gramu 2 kwenye ndoo ya maji ya kisima chako yenye mbolea unayotumia, na gramu 2 nyingine kwenye maji ya mvua. Baada ya saa chache chuja, pima. Tofauti utakayoiona ndiyo tofauti ya tangazo na shamba lako.

Mtafiti akishuka kwa watu

Nisije nikaonekana napinga vyuo. Vyuo vyetu vina watu. Pale Arusha, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ina kitivo kizima kinachoshughulikia nyenzo, nishati, maji na mazingira. Mhadhiri wake, Askwar Hilonga, aliyesomea Korea Kusini, alishinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza kabisa ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na nyenzo zilizotengenezwa kwa chembe ndogo mno.

Ninachokipenda zaidi ya tuzo ni namna chujio lile lilivyofikiriwa. Maji ya Arusha yana floraidi nyingi, ile inayopaka meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa. Maji ya sehemu nyingine yana vijidudu au metali nzito. Yeye hakusema chujio moja kwa Afrika nzima. Alisema nyenzo ya ndani ichaguliwe kulingana na uchafu wa mahali, na watu wasio na uwezo wa kununua chujio wapate maji kwenye vituo vya kuuzia kwa bei ndogo. Ameanza na tatizo la mtu fulani katika mahali fulani.

Nataka tuone hivyo kwenye kilimo. Kila msimu wanafunzi wa vyuo wanapima nyenzo nzuri kabisa maabara, wanaandika ripoti, zinawekwa kabatini. Mkulima aliyeko kilomita 30 hajui. Mfuko wa Murdock ulionyesha kwamba kati ya maabara na ghala kuna kazi nyingine nzima, na kazi hiyo inahitaji bajeti, muda na watu kama sehemu nyingine yoyote ya utafiti.

Kwa wanaosema nawachelewesha

Najua hoja yenu, maana nimeisikia kwenye vikao: "Bwana shamba, ukisubiri kuonyeshwa, wenzako wameshauza. Anayewahi ndiye anayekula."

Kuna ukweli. Aliyewahi kufunga mpira wa matone kijijini aliuza nyanya kiangazi peke yake. Sisemi msiwahi. Nasema jaribuni kwa kipimo kidogo kabla ya kuweka kila kitu. Mifuko 2 kabla ya 40. Mstari mmoja kabla ya ekari. Tofauti ya muda ni msimu mmoja. Tofauti ya hasara ni mkopo wa kikundi, na majina ya wenzako waliokudhamini.

Tena kuwahi kwenyewe kunataka ujuzi. Anayejua kupima anaamua haraka kuliko anayesubiri kusikia fulani kanunua. Wakati wewe bado unauliza kwenye kundi la WhatsApp, mwenzako ameshapima rola, amekataa moja, amenunua jingine.

Hoja ya pili: "Kupima ni kazi ya serikali." Ndiyo, viwango na ukaguzi ni kazi ya serikali na ifanyike. Ila mkaguzi hawezi kuwa kila duka. Mizani ipo.

Ninachodai

Kwa watafiti: mkija vijijini, njooni na mfuko wa kufungua. Wekeni jaribio kwa mkulima, na mrudi siku ya matokeo hata kama ni mabaya. Matokeo mabaya yakionyeshwa wazi yanajenga imani kuliko kipeperushi cha rangi.

Kwa wauzaji: andikeni kitu kimetengenezwa na nini, unene wake, kinga yake na muda wake, kwa Kiswahili. Na mwambieni mnunuzi kitakachokiharibu. Mkishindwa kuandika, msishangae tukija na mizani.

Kwa sisi maafisa ugani: shamba darasa lisiwe la mbegu na mbolea tu. Tuwe na siku ya nyenzo. Rola mbili za nailoni, moja nzuri moja mbaya, zikae juani mwaka mzima watu waje kuzivuta kwa mikono. Gharama yake ni ndogo kuliko semina moja ya hoteli.

Kwenu vijana: msimu huu kila kikundi kinunue mizani ndogo ya kidijitali na chupa ya kupimia chumvi, na kiweke daftari. Kila nyenzo inayoingia iandikwe: tarehe, uzito, bei, jina la duka, siku iliyoharibika. Baada ya misimu mitatu daftari hilo litakuwa na thamani kuliko ushauri wangu, kwa sababu litakuwa na jua lenu, maji yenu na maduka yenu.

Kwa kuanzia, fanyeni jaribio hili wiki ya mavuno. Chukueni mahindi makavu ya shamba moja, jazeni mfuko mmoja wa kinga njaa na gunia moja la kawaida, pimeni uzito wa yote mawili na muuandike. Wekeni pamoja mahali pamoja. Alikeni watu siku ya kufunga, na mtaje tarehe ya kufungua, miezi 5 baadaye. Siku hiyo pimeni tena, mbele ya watu.

Mkipanga tarehe nitaarifuni mapema. Nitakuja na kipimo cha unyevu.